Ile Ndogo ya Risasi Tano

Mkija kunisalimia hapa kwa binti yangu, chai haijapoa mmoja wenu ameshaniuliza bastola gani ni bora. Mnalinda milango ya hoteli kule Marina na silaha yenu ni redio ya mkononi na tochi, lakini maswali yenu yote ni ya bastola. Haya, leo nitawajibu, halafu mniache nile uzee wangu kwa raha. Jibu langu ni ile ndogo ya silinda, ya risasi tano, ambayo nyinyi mnaicheka. Na nikiisifu sina budi kuwaeleza pia habari za Bi. Mwanaisha wa Mombasa. Yeye aliibeba vizuri kwao, kwa kibali halali, na bado nusura imlaze ndani hapa Dubai wiki ile ile ya arusi ya bintiye.

Mnajua nilikuwa mwalimu na mtunza silaha kwenye klabu ya kulenga shabaha humu Al Quoz, katikati ya magereji na maghala. Ukipita nje ungedhani wanauza vigae. Nilianza kwa kufagia maganda ya risasi, maana upolisi niliokuja nao kutoka Kenya haukumshtua mtu. Wateja walikuwa watalii, wenyeji wapenda shabaha, na mabwana waliotaka kupigwa picha tu wakatume kwao. Bastola ilitoka kabatini kwa sahihi, ikafungwa kwa mnyororo kwenye meza ya kulengea, ikimaliza kazi ikarudi kabatini kwa sahihi nyingine. Hapa habebi mtu. Ukikutwa na silaha mfukoni, khalas, habari yako imekwisha. Kwa hiyo mnaona kichekesho cha maisha yangu: nimefundisha silaha ya mfukoni katika mji ambao hakuna mfuko unaoruhusiwa kuibeba. Wanafunzi wangu wa kweli walikuwa watu wa kupita, wenye vibali vya makwao, na wengi wao walikuwa akina mama wa biashara kutoka kwetu wanaokuja Deira kununua mali.

Mimi mwenyewe nilifundishwa upya na Ustad Gul, Mpathani mwenye ndevu za hina na hasira za karibu. Kwao milimani walikuwa mafundi bunduki baba kwa mwana. Siku aliyonikabidhi rivolva, hiyo hiyo bastola ya silinda, nikaifungua, nikatazama ndani, kisha nikaifunga kwa kutikisa kiganja, silinda ikaingia yenyewe, chwa, kama tulivyozoea kuona kwenye sinema. Nikajiona dume. Ustad Gul akaichukua mkononi mwangu, akailaza mezani, akaifunika kitambaa.

"Wewe polisi?" akaniuliza, kwa Kiswahili alichookota kwa Wazanzibari.

"Ndiyo, Ustad."

"Polisi ya sinema."

Akaninunia mpaka kesho yake. Ndipo akanionyesha kile kijimkono chembamba kinachoshika silinda inapofunguka. Ukiitikisa vile kinapinda kidogo, na ukirudia kinapinda zaidi, mpaka silinda isikae tena sawa na mtutu, na siku unayoihitaji itakwama. Inafungwa kwa mikono miwili, taratibu, namna unavyofunika sufuria ya uji wa moto. Nikiwaona nyinyi kwenye simu mnashangilia mtu anayeitikisa bastola ya watu hivyo, namkumbuka Ustad Gul na kile kitambaa chake.

Sasa, kwa nini ile ndogo? Kwa sababu mtu anayebeba bastola kila siku haendi vitani. Anakwenda benki, sokoni, kumchukua mtoto shule. Bastola inakaa naye mwaka baada ya mwaka bila kutolewa, na Mungu akijalia haitatolewa kamwe. Bastola kubwa ya magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia mpinini, ni mashine nzuri, siikatai, lakini ina madai yake. Lazima uvute slaidi, ile sehemu ya juu, uiachie ipeleke risasi ndani. Ukumbuke sefti, ile kufuli yake ya usalama, iko wapi na inakwenda upande gani. Ukiishika kwa mkono mlegevu inakwama, na ikikwama ujue kuikwamua papo hapo huku mikono inatetemeka. Mtu wa kazi hiyo anafanya mazoezi kila wiki. Muuza mapazia hafanyi.

Ile ya silinda haina maneno mengi. Risasi unaziona kwa macho yako. Unavuta triga, silinda inazunguka, inapiga. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, inakuja inayofuata. Hakuna cha kukumbuka isipokuwa kuvuta. Na triga yenyewe ni nzito kwa makusudi, haifyatuki kwa bahati mbaya ikiguswa kidogo. Hata hivyo haitupwi ovyo mkobani. Inakaa ndani ya ala inayofunika triga, kwenye mfuko wake peke yake, hata kitambaa cha pua kisiwemo.

Ubaya wake nao nitausema, maana mimi si muuzaji. Mtutu mfupi, kulenga mbali ni shida. Tano zikiisha, kujaza tena kunachukua muda ambao huenda huna. Na ni kali mkononi. Alikuja kijana mmoja, mwalimu wa mazoezi kule Marina, kifua kimejaa mpaka vifungo vinalia. Alikuja na mchumba wake, akaiona ile ndogo, akasema hii ni ya kike, mpe huyu, mimi nipe kubwa. Nikamwambia, "Sir, ianze wewe kwanza, halafu umwambie mwenzako ikoje." Akapiga mara moja. Akaitazama. Akakitazama kiganja chake. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile bastola ni mbovu. Si mbovu. Bastola nzito inameza teke lake yenyewe. Nyepesi teke lote inakupa wewe. Mchumba alikuwa ameshaelewa bila kuambiwa. Akaomba ile kubwa, akapiga nayo vizuri, akafurahi sana. Na alikuwa sahihi, kwa sababu yeye alikuja kucheza. Ya kucheza na ya kubeba si moja, na watu wengi wananunua ya kubeba kwa raha waliyoipata wakicheza.

Bi. Mwanaisha hakuja kucheza. Alikuwa na duka la vitambaa na mapazia, mjane, amelea binti mmoja, Rukia. Jioni moja akifunga duka majambazi walimvamia, na kwa kuwa alichelewa kuuachia mkoba walimpiga kwa chuma, wakamvunja kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga vibaya. Akaomba kibali cha bastola, akahojiwa, akachunguzwa, mwisho akapewa. Hapo ndipo shemeji yake akaingia. Shemeji Badi, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mwenye maoni juu ya kila kitu na kazi ya kueleweka hana.

"Shemeji asema ninunue kubwa," Bi. Mwanaisha aliniambia siku ya kwanza, bado hajavua miwani ya jua. "Ya risasi kumi na tano. Asema mwizi akiiona tu atakimbia."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi sijui, ndiyo nikaja kwako. Nimeambiwa wewe ndiwe mwalimu wa Waswahili."

Nikampa kubwa, tupu, nikamwambia avute slaidi. Akavuta, haikuja. Akabadilisha mkono, akavuta kwa kushoto, ikaja nusu, ikamponyoka. Akajaribu tena. Akaibana kifuani akajaribu tena, mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya maumivu, yalikuwa ya hasira. Nikaichukua taratibu. Nikamwekea ile ndogo, nayo tupu, silinda wazi. Nikamwonyesha kufunga kwa mikono miwili, akafunga. Akavuta triga kwa vidole viwili vya kushoto, ikazunguka, ikagonga.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Na nikikosea?"

"Unavuta tena."

Akaitazama upande huu na upande huu. Tulipotia risasi akapiga ya kwanza, akaiweka mezani, akasema, "Yauma." Nikamwambia itauma, hakuna dawa, utapiga chache kila ukija mpaka kiganja kizoee. Akapiga zilizobaki. Karatasi ilikuwa mbali kiasi cha urefu wa duka lake, na zote zilikaa kifuani. Nilifurahi, sitaficha. Ualimu una siku chache za namna ile.

Akarudi Mombasa akanunua kama hiyo. Shemeji Badi akaicheka mbele ya wageni, akaiita kiberiti. Kila Bi. Mwanaisha alipokuja Deira kununua mali alipita Al Quoz kupiga chache, na kila alipokuja alileta halua, ile nyeusi ya Mombasa inayoshika meno, imefungwa kwenye kikapu kidogo cha ukili. Nilikula halua ile miaka. Mimi Mtaita, Mkristo, nikawa natumiwa ya Idi kama ndugu. Nilijua habari za Rukia shuleni, Rukia chuoni, Rukia kaposwa. Akaacha kuniita Mwalimu, akaniita Kaka Mwakio.

Sasa ndiyo ile wiki. Alikuja Dubai kuchukua dhahabu ya bi arusi na vitambaa vya sare. Tiketi ya kurudi ilikuwa kesho yake, na arusi mwisho wa wiki. Akapita kupiga chache kwa sababu nyumba itajaa wageni na dhahabu, na anataka mkono uwe tayari. Nimeshamwekea bastola mezani, naye anatafuta miwani ya kusomea mkobani. Akatoa kanga, akatoa tasbihi, akatoa pipi za tangawizi, akautikisa mkoba. Kitu kikaanguka sakafuni.

Nyinyi hamjui sauti za sakafu ile. Pale maganda matupu yanaanguka siku nzima, na ganda tupu likianguka linalia, linaimba kidogo. Risasi nzima hailii. Inagonga, inakaa. Nilijua kabla sijatazama. Nilipotazama nikajua zaidi, kwa sababu zetu zilikuwa za rangi ya shaba na ile ilikuwa ya kijivu, risasi ya kwao.

"Bi. Mwanaisha," nikamwambia, "usiinuke. Ile pale ni yako?"

Akaipata miwani yake, akaivaa, akatazama chini. Uso ukambadilika.

"Ya Rabi. Imetoka wapi?"

"Mkobani mwako."

"Niliziacha zote nyumbani, Kaka Mwakio. Bastola na risasi zake, zote kabatini, nikafunga. Wallahi niliziacha."

Nilimwamini. Akanieleza huku sauti inakatika. Shemeji Badi alikuwa hajaacha kumsumbua kwamba risasi tano ni chache, tano ni za kuchinjia kuku. Mwisho, kununua amani ya nyumbani, akaanza kubeba tano nyingine za akiba. Na hapa ndipo penye kasoro ya ile bastola ninayoisifu. Bastola kubwa, risasi zake za akiba hukaa ndani ya magazini, ni kitu kimoja kizito, kikipotea unajua. Ya silinda haina magazini, kwa hiyo watu hubeba zile za akiba huru, kama karanga. Zake zilikaa mfuko wa ndani pamoja na pipi. Bitana ya mkoba ikachanika, moja ikateleza ikakaa huko chini, na siku ya safari aliondoa alizoziona. Ilipitaje kwenye ukaguzi wa ndege kule ilikotokea, sijui. Mkoba ulikuwa ule ule wa kwenda dukani na wa kupanda ndege.

Akaitazama ndoo ya maganda, ilikuwa karibu na mguu wangu, imejaa nusu.

"Itie humo," akaniambia. "Kaka, itie humo tu, nani atajua? Kesho nasafiri. Rukia hana baba. Mimi ndiye baba, mimi ndiye mama."

Nataka muelewe nilivyokuwa nimesimama pale. Moyo wangu wote ulitaka kuiokota na kuitia ndooni, lilikuwa jambo la kuinama tu. Lakini juu yetu kulikuwa na kamera, na ilikuwa imeshaona ilichoona. Risasi za pale, nzima na zilizopigwa, zinahesabiwa kila siku, na mwisho wa siku risasi ya kijivu ingetokea katikati ya za shaba. Wangerudisha picha nyuma. Wangemwona mwanamke ameangusha risasi na mwalimu ameificha, na hapo nani angeamini kwamba alisahau? Wangemshusha kwenye ndege. Mimi nami nilikuwa na viza yangu, na binti yangu huyu anayewapikia chai alikuwa bado anasoma kwa mshahara ule. Yote hayo yalipita kichwani kwa pamoja, na sitawaambia lipi lilikuwa zito kuliko lingine, kwa sababu sijui.

"Siwezi," nikamwambia. "Kaa kitini. Usiiguse, nami siigusi. Namwita Abu Saif."

Akaketi. Akaikusanya ile kanga akaipakata. Nikachukua simu ya ukutani, na wakati naongea sikumtazama. Nilipoirudisha simu akasema, taratibu kabisa, bila hasira, "Halua yangu umeila, Kaka Mwakio."

Nikaisukuma ile ndoo ya maganda kando kwa mguu.

Abu Saif alikuwa meneja wetu, mwenyeji, ofisa mstaafu, mwenye shamba la ndimu Hatta. Mtu wa maneno machache. Akaja, akachuchumaa, akaitazama ile risasi muda mrefu kana kwamba itajieleza yenyewe.

"Umeigusa?"

"Hapana, sir."

"Unamjua?"

"Miaka. Amekuja nayo bila kujua. Angejua asingekuja kuimwaga mbele ya kamera."

Akainuka, magoti yakalia. "Madam," akamwambia Bi. Mwanaisha, na mimi nikatafsiri, "ingefichwa, ungekuwa mhalifu. Imesemwa, umesahau. Lakini kusahau nako kuna utaratibu wake." Kisha akawapigia polisi, akawaeleza kila kitu mwenyewe, akaongeza kwamba sisi ndio tuliotoa taarifa. Hilo alilirudia mara mbili, kwa makusudi, nami nikamshukuru moyoni.

Walikuja wawili, wa heshima. Wakampa maji, wakampa kiti kizuri zaidi. Wakaitia risasi kwenye mfuko, wakachukua maelezo yake na yangu, wakachukua paspoti. Hawakumlaza ndani. Walimrudisha hotelini Deira na kumwambia asiondoke nchini mpaka shauri limalizike.

"Muda gani?" akauliza.

"Inshallah si mrefu."

Nyinyi mmekaa hapa, mnaijua inshallah ya makaratasi ina urefu gani. Kibali chake kililetwa kutoka Mombasa, kikatafsiriwa, tafsiri ikapigwa mhuri, mhuri ukahitaji mhuri mwenzake. Nilikwenda kutoa maelezo kila nilipoitwa, nikasema yale yale. Arusi haikuweza kusogezwa, wageni walikuwa wameshafika kutoka Lamu na Tanga na ng'ombe ameshanunuliwa. Aliyesimama mbele ya wageni kama mkubwa wa nyumba ni Shemeji Badi.

Siku ya arusi nilimaliza zamu, nikapanda teksi mpaka Deira. Nilinunua biriani na maji baridi, nikasema nitakaa naye, akinitukana nitatukanika. Nikapanda hadi kwenye mlango wa chumba chake. Ndani nikasikia arusi. Walikuwa wamempigia simu ya picha na ameipandisha sauti mpaka mwisho, ngoma zinakwaruza, wanawake wa Mombasa wanapiga vigelegele. Kisha nikamsikia yeye, peke yake ndani ya chumba kile, anavijibu. Wakipiga, naye anapiga. Wakinyamaza anasubiri. Nilisimama pale na mfuko wa biriani mkononi, na nawaambia ukweli, nililia. Sikubisha. Nikaacha chakula kwa yule Mnepali wa mapokezi, nikarudi Al Quoz.

Shauri lilifungwa bila adhabu. Risasi ikabaki kwao, paspoti ikarudi, akasafiri. Hakuniaga. Idi ikaja, ikaja nyingine, hapakuwa na kikapu.

Mtaniuliza, kama mlivyo na mazoea ya kuuliza, je, nilifanya sawa? Ningeulizwa kesho ningefanya vile vile, na ningeumia vile vile. Kwa hiyo jibu mnalo. Lakini somo la kazi nililichukua hapo hapo, nikamfundisha kila aliyekuja baada yake. Ukiichagua ile ndogo, ichague yote, pamoja na tano zake. Kama huwezi kulala bila za akiba, zitie kwenye mkanda wa ngozi wenye vitundu, kila moja na kitundu chake, kitundu kikiwa wazi ukione. Na mkoba wa bastola haupandi ndege hata ukiwa mtupu. Nunua mkoba mwingine wa safari, hata wa bei ya chini. Nilipoyasema haya watu waliandika mengine wakaacha hili, kwa sababu halina moshi wala mshindo.

Mambo yakabadilika pale klabuni. Wakaleta bastola zenye kijitaa chekundu juu, unaweka nukta yake kwenye shabaha unapiga, hata mimi macho yangu yaliyochoka yakaweza. Ustad Gul akarudi kwao, na yule aliyekuja baada yake alikuwa hana habari na silinda, rivolva kwake zilikuwa vitu vya makumbusho. Nilibaki mimi kuzisafisha. Nilikuwa nahesabu miezi ya kustaafu, sikuwa na haraka wala hamu.

Siku moja asubuhi mapokezi wakanipigia kwamba kuna mwanafunzi, mwanamke kijana, ana kibali cha Kenya, anataka mwalimu wa Kiswahili. Akaja amevaa buibui, mrefu, uso haukuniambia kitu. Nikamkaribisha. Kabla sijasema neno la pili akauchukua mkoba wake, akaumimina wote juu ya meza. Kisha akaugeuza ndani nje, akaishika bitana, akaipitisha vidoleni mshono kwa mshono mpaka mwisho, mbele yangu.

"Nani kakufundisha hivyo?" nikamuuliza.

"Mama."

Nikakaa chini.

"Wewe ni Rukia."

"Ndiyo, Mjomba."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Mkono wamsumbua, siku hizi duka naliangalia mimi." Alikuwa anarudisha vitu vyake mkobani kimoja kimoja, hanitazami. "Amenituma maneno mawili kwako. La kwanza, hajakusamehe arusi yangu."

"Sawa," nikasema. "Na la pili?"

Akaufunga mkoba, ndipo akaniangalia.

"Kwamba nisifundishwe na mtu mwingine."